Karatasi Yenye Ubuluu

Walimwita Jicho, naye jina hilo alilivaa kama koti la harusi, hata siku za joto. Zamani alikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha uchapaji. Alipostaafu alibaki na pensheni, mke, na ugonjwa mmoja usio na dawa: stempu kuukuu za Hispania. Si zote. Zile za mwanzo mwanzo, zenye kichwa cha malkia aliyetazama pembeni, zilizokatwa kwa mkasi kabla watu hawajabuni vile vitundu vya ukingoni. Mimi na wewe tukiziona tunaona mwanamke mnene yule yule, stempu baada ya stempu. Jicho aliona zambarau iliyoiva na zambarau iliyochujuka. Aliona karatasi iliyo nene kidogo kuliko mwenzake. Zaidi ya yote aliona tofauti kati ya karatasi nyeupe na ile iliyoitangulia, yenye ubuluu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji na muuzaji asiye na haya.

Tofauti hiyo ndiyo kila kitu. Malkia ni yule yule na thamani iliyoandikwa ni ile ile, lakini ile zambarau iliyoiva, ikiwa juu ya karatasi yenye ubuluu, kwenye meza ya Jicho ilihesabiwa kuwa kitu ambacho mtu hukitafuta mpaka anazikwa.

Kila Jumamosi mchana wakusanyaji wa mji walikutana sebuleni kwake, kwenye meza ndefu iliyosogezwa chini ya dirisha lisilopigwa na jua. Alikuwepo mfamasia, alikuwepo mwalimu mstaafu, alikuwepo mwenye duka la viatu, na wengine wachache wa kuja na kuondoka. Walijiita chama, ingawa katiba yao ilikuwa mdomo wa Jicho. Akisema nyeupe, ni nyeupe. Wala hakuwa na tabia ya kuiweka stempu kando ya nyingine iliyo ya uhakika ili alinganishe, kama wafanyavyo watu wenye adabu na kazi hii. "Anayelinganisha ni anayesahau," alikuwa akisema. Na wale wengine, ambao majumbani mwao walilinganisha mpaka macho yakawauma, walitikisa vichwa kukubali.

Tena alikuwa katili. Nisipolisema hilo sasa, utamhurumia mapema. Aliwahi kuja mjane mmoja na albamu ya marehemu mumewe, ameifunga kwenye kanga safi, anataka tu kujua kama mzee wake alikuwa amekusanya kitu cha maana. Jicho alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili, akaifunga albamu, akamwuliza kama marehemu alikuwa kipofu au alikuwa mbishi tu. Meza nzima ilicheka. Mjane alitoka na albamu yake kwapani, na hakuna aliyenyanyuka kumfungulia mlango.

Lakini nyama aliyoipenda zaidi ilikuwa ya nyumbani. Mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa fundi wa kufuli, na chama kilimwita Kufuli. Alianza kukusanya stempu utotoni kwa sababu kaka yake alikusanya, kama alivyovaa suruali za kaka yake zilipombana mwenyewe. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na bado kila Jumamosi alifika mapema, akapokea birika mikononi mwa shemeji yake, akawamiminia chai watu wa mezani, kisha akasimama nyuma ya viti na kunyoosha shingo. Kiti hakuwa nacho. Kwa sheria ya chama, anayetaka kiti alete stempu aliyoitambua mwenyewe, aitaje rangi na karatasi yake mbele ya wote, na Jicho akubali. Kufuli alishajaribu, akarudishwa. Akajaribu tena, akarudishwa na maneno ya kukata maini. "Huyu Mungu alimpa mikono," Jicho aliwaambia wageni, akimwonyesha mdogo wake kwa kidole. "Zamu yake ya macho ilipofika, yalikuwa yameisha."

Kufuli alicheka pamoja nao. Mkewe alikuwa ameshafariki na watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na ukimwuliza alichobakiza kukitaka duniani angekwambia ni kile kiti. Hata kiti chenyewe kilikuwa kisingizio. Alitaka kaka yake aseme, mara moja tu, mbele ya watu: umeona sawasawa.

Sasa kulikuwa na jambo ambalo Jicho hakulijua, na mkewe alilijua. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia, macho yote mawili, taratibu, kama kikombe kinavyoshika rangi ya chai na mwenyewe asijue kilianza lini. Mtoto wa jicho wa namna hiyo haanzi kwa kukupofusha. Anakupaka dunia manjano, na rangi anayoila kwanza ni buluu. Jicho alimfokea dobi kwamba anamrudishia mashati yenye kutu. Alimwita fundi wa rangi mwizi, kwa sababu ukuta wa baraza aliouagiza uwe mweupe alimpakia krimu. Alitoka nyumbani na soksi moja nyeusi na nyingine ya buluu, na mkewe alipomwambia, alimjibu kuwa hana muda wa utani. Mkewe alimwambia aende hospitali wakamtazame macho. Jicho aliweka chini lenzi yake na kumwuliza kama mtu asiyeweza kutofautisha waridi na nyekundu ndiye wa kumfundisha habari za macho. Basi mkewe akanyamaza. Ndoa ndefu ilikuwa imemfunza ni lini maneno yake yana soko.

Jumamosi yenyewe Kufuli aliingia amevaa shati lililopigwa pasi, ameshika vibao viwili vyembamba vilivyofungwa kwa uzi. Aliimimina chai kama kawaida, lakini alipomaliza hakurudi nyuma ya viti. Alisogea mpaka mezani, akafungua uzi. Katikati ya vibao kulikuwa na barua ya kale iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, anwani imeandikwa kwa wino uliogeuka kahawia, na pembeni malkia, amegongwa muhuri mweusi wa mistari. Alieleza kwamba aliitwa kufungua kabati ambalo ufunguo wake ulipotea tangu enzi za babu wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba, aliyelitaka kabati tu, alimwambia achukue makaratasi yote akawashie moto. Tangu hapo alikuwa ameitazama barua hiyo asubuhi na mchana, dirishani na uani, bila kumwambia mtu.

"Zambarau iliyoiva," Kufuli alisema. "Karatasi ya kwanza. Yenye ubuluu."

Jicho aliivuta barua, akainama na lenzi yake. Aliona zambarau. Kuizunguka aliona weupe, weupe wa krimu, mzuri kabisa.

"Nyeupe," alisema, akairudisha.

Siku nyingine zote hapo ndipo Kufuli angecheka na kulishika birika. Safari hii aliacha barua palepale ilipokuwa.

"Kaka, tazama tena. Hapa kwenye ukingo, wino ulipoishia."

Jicho alisema kwamba yeye hutazama mara moja, na kwamba kama mdogo wake ameanza kuona buluu kwenye vitu vyeupe, basi awahi kwa daktari kabla hajaanza kuona na malaika. Watu wakacheka. Mfamasia, ambaye alikuwa karibu, aliinamia barua na akauona ubuluu vizuri kama mimi ninavyokusimulia. Alifungua mdomo, akamtazama Jicho, akasema mwanga wa leo ni mbaya. Hao ndio walikuwa watu wa meza ile. Walishazoea kuona kwa macho ya mwenzao, na ya kwao wakayaacha nyumbani.

Hapo Kufuli akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimgeukia shemeji yake, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia, akamwuliza yeye anaona rangi gani. Mama huyo alisogea, akaangalia bila haraka.

"Buluu," akasema. "Hata mimi nisiyejua kitu naona buluu."

Jicho aliiweka lenzi chini. Kubishiwa na mdogo wake ilikuwa dharau, kubishiwa na mkewe mbele ya chama ilikuwa kuvuliwa nguo. Kwenye rafu iliyo nyuma yake, karibu kiasi cha kunyoosha mkono tu, kulikuwa na albamu yenye stempu ya uhakika ya karatasi ile ya kwanza. Angeiweka kando ya hii, angeona kwamba kwake zote mbili ni krimu, na mambo yangeishia kwenye aibu ndogo. Hakunyoosha mkono.

"Tuitoe kwenye barua," alisema. "Maji hayana ndugu."

Kila mtu mezani alielewa uzito wa neno hilo, na inafaa na wewe uelewe. Kwa watu wa stempu, barua na stempu yake ni mwili mmoja. Stempu ya aina ile ikiwa bado imekaa pale ilipobandikwa na mtu aliyekufa zamani, chini ya muhuri wake, ni kitu. Ukiibandua ni yatima. Kuitoa ili uijue ni kama kung'oa jino ili uone kama ni zima. Lakini karatasi zile zina siri ndani yake, alama iliyotiwa wakati karatasi inatengenezwa, na haionekani mpaka stempu ibanduliwe, ilowe, na ilazwe kifudifudi kwenye sahani nyeusi. Karatasi ya kwanza, yenye ubuluu, ina vitanzi. Ile nyeupe iliyofuata ina mistari iliyokatizana.

"Ikitoka haitarudi, kaka," Kufuli alisema.

"Kama una uhakika, unaogopa nini?"

Kufuli alitazama barua yake, akatazama viti, akapiga moyo konde. "Haya. Toa."

Kuna njia ya upole ya kufanya kazi hiyo, ya kulowesha kidogo kidogo na kuinusuru barua. Jicho alichukua mkasi, akaikata pembe ya barua pamoja na nusu ya anwani, akaitumbukiza kwenye bakuli la maji. Mwalimu mstaafu alifumba macho. Walisubiri, hakuna aliyekunywa chai. Gundi ilipolegea Jicho aliivua stempu kwa kibano, akailaza kifudifudi kwenye sahani nyeusi, akainama mgongo ukawaziba wote. Mkewe alikuwa amesimama begani pake, ameshika taulo.

Vitanzi vilitokea. Vilitoka gizani kimoja baada ya kingine, vya mviringo, dhahiri, hata mtoto angeviona. Macho yake yalikuwa bado yanaona maumbo, rangi tu ndiyo iliyokufa. Katika pumzi moja Jicho aliyaelewa mashati ya dobi, soksi, ukuta wa baraza. Aliziona Jumamosi zote zilizopita na hukumu zote alizozitoa akiwa hivi alivyo. Aliogopa sana. Baada ya hofu kikaja kitu kingine, wala si huruma. Ilikuwa hasira. Alimchukia mdogo wake palepale kwa kuwa amesema kweli.

"Mistari," alisema. "Mistari iliyokatizana. Nyeupe."

Akaifunika stempu kwa karatasi ya kukaushia na kuikandamiza kwa kiganja. Mwalimu mstaafu aliomba naye aone. Jicho alimwambia imeshakauka, au na yeye amekuja kumfundisha kazi? Mwalimu akacheka kuonyesha kwamba alikuwa anatania. Kisha wote wakacheka, kwa raha ya watu waliokuwa wamebanwa pumzi. Mwenye duka la viatu alimshauri Kufuli abaki na matundu ya funguo, hayo hayana rangi.

Kufuli aliitazama barua iliyokatwa. Aliikunja, akaiweka mfukoni.

"Basi nimekosea," alisema. "Asante, kaka. Bora nimeambiwa na wewe."

Akalichukua birika, akazunguka meza, akajaza kila kikombe bila kumwaga hata tone.

Hilo la asante lilimchoma Jicho kuliko alivyotarajia. Alikohoa, akasema kwamba labda chama kimpe mdogo wake kiti hivi hivi, kwa uvumilivu wake. Mfamasia alishangaa. Aliuliza tangu lini kuna viti vya huruma, na sheria ameiweka nani, na si leo hii Jicho mwenyewe amethibitisha kwa maji kwamba mtu huyu haoni? Jicho alitafuta jibu. Lilikuwepo moja tu, na hilo hakulitaka. Kufuli ndiye aliyemwokoa. "Usinipendelee, kaka," alisema kutoka nyuma ya viti. "Mimi nimeridhika."

Wageni walipoondoka, mkewe aliifunua stempu, akaitia kwenye bahasha ndogo ya karatasi laini, akamwekea mezani.

"Nimeviona vitanzi," alisema.

"Wewe umeona nini?"

"Nilishika taulo, sikufumba macho. Mpelekee mdogo wako. Mwambie."

Jicho alimweleza, kwa sauti ya chini, kwamba akimwambia, chama chote kitajua, na wakijua, kila stempu aliyowahi kuihukumu itarudishwa hapa mezani na wenyewe. Mkewe alisema wairudishe. Jicho akamlaumu kwamba hajawahi kumpenda mumewe.

"Hilo nalo ndiyo umeliona leo?" mkewe akasema, akabeba vikombe.

Jumamosi iliyofuata Kufuli hakuja, wala zilizofuata hiyo. Chai ilimiminwa na mama wa nyumba, ikafika mezani imepoa. Jicho aliendelea kuhukumu. Alikuwa amejifunza kumtazama mfamasia usoni kabla ya kutazama stempu: midomo ikikazika ni nyeupe, nyusi zikipanda ni buluu. Alipatia mara nyingi. Alipokosea, waliona ni wao waliokosea. Kazi ilikuwa rahisi mno, na urahisi wake ulimnyima usingizi.

Mwishowe alikwenda. Karakana ya mdogo wake ilikuwa chumba chembamba, kuta zote zimetundikwa funguo, na Kufuli alikuwa ameubana ufunguo kwenye jiliwa, anausugua kwa tupa. Alifurahi kumwona kaka yake, akampangusia kigoda. Kwenye fremu ya mlango, chini, kimo cha watoto, kulikuwa na stempu zimebandikwa ovyo, malkia wamepinduka miguu juu. Jicho aliuliza albamu ziko wapi. Kufuli alimwambia amewagawia watoto wa jirani, walikuwa hawana cha kuchezea. "Nimepumzika, kaka. Wallahi nimepumzika. Sikujua kuwa nilikuwa nimechoka hivyo."

Jicho alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Yalimtoka machache.

"Ile stempu ilikuwa ya karatasi ya kwanza. Ilikuwa na vitanzi. Macho yangu yameharibika, nilikosea, na nilipoviona vitanzi nikasema uongo."

Akaitoa bahasha, akamnyooshea. Kufuli hakuipokea. Alimtazama kaka yake kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona.

"Shemeji amekutuma."

"Hajanituma."

"Kaka, wewe hujawahi kukosea. Tangu tukiwa wadogo. Kama ulikosea siku ile, basi na zile nyingine zote ulizonirudishia..." Aliupuliza ufunguo vumbi la chuma. "Hapana. Nitafanya nini na maneno hayo sasa hivi? Ulipima mbele ya watu, kwa maji. Leo umekuja peke yako, hakuna anayesikia, unaniambia ninachotaka kusikia. Hiyo ni huruma, kaka, na mimi sijaiomba."

"Chukua lenzi, utazame mwenyewe."

"Mimi nitatazama nini?" Aliweka tupa chini. "Lakini sawa. Kama ni kweli, Jumamosi waambie wao. Nitakuja, nitasimama nyuma ya viti kama zamani. Ukiwaambia wao, nitaamini."

Akasubiri. Uso wake, uliokuwa umetulia, ukawa umefunguka kidogo, na kwenye ule ufa Jicho aliona kwamba hakuna kilichopumzika, kwamba mtu huyu angali anakitaka kile kitu kuliko chochote. Kilichohitajika ni neno moja: njoo. Jicho alimpenda mdogo wake wakati huo, sitamnyima haki hiyo. Aliiona pia meza ndefu, akamwona mfamasia akinyanyua nyusi, akawaona watu wakipanga foleni barazani na albamu zao kwapani, na mjane akiwa wa mbele.

Aliirudisha bahasha mfukoni.

"Umenijua," alisema. "Ni huruma tu. Ilikuwa nyeupe."

Kufuli alishusha pumzi, kama mtu aliyetua mzigo, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile akatabasamu.

"Nilijua," alisema. "Asante kwa kutonidanganya, kaka."